Faida ya Matundu: Somo la Oksidi na Umeme

Karibu na mji wa Tororo iko milima ya Sukulu. Ukipitisha sumaku katika udongo wake uliokauka, chembe nyeusi zitaing'ang'ania. Hiyo ni magnetaiti, yaani oksidi ya chuma: chuma kilichoungana na oksijeni. Oksidi za chuma, za manganizi na za nikeli hutumiwa na wataalamu kutengenezea elektrodi za superkapasita, chombo cha kuwekea umeme. Lakini jiwe peke yake halifai. Hapana budi oksidi iwe na matundu mengi. Kwa nini?

Betri huweka umeme ndani ya kemikali zake, kwa hiyo hujaa polepole. Superkapasita huuweka juu ya uso wa elektrodi au karibu sana nao, kwa hiyo hujaa upesi. Basi uso ndio mali. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 1. Uso wake ni sentimita 6 za mraba. Ukate uwe vipande 1,000 vya milimita 1, na uso wote utakuwa sentimita 60 za mraba. Endelea mpaka kila upande uwe sehemu moja ya milioni ya sentimita: utapata mita 600 za mraba, kupita kiwanja cha netiboli! Uzito haukuongezeka. Matundu hufanya kazi hiyo hiyo, maana kila tundu lina kuta zake.

Njia mojawapo ya kuyapata yafanana na kazi ya mfyatua matofali anayechanganya udongo na pumba: tanuruni pumba huungua, nafasi zake hubaki. Wataalamu hupanga vijipira vidogo mno vya plastiki, huvimwagia maji yenye chumvi ya chuma, hukausha, kisha huchoma. Plastiki hutoweka, na oksidi hubaki kama sega la nyuki. Husagwa pamoja na unga wa kaboni, kwa sababu oksidi nyingi hupitisha umeme kwa shida, kisha hupakwa juu ya bati jembamba.

Tena matundu yasiwe ya namna moja. Madogo huongeza uso. Makubwa ni barabara za ayoni. Pasipo barabara, ayoni husongamana kama malori mpakani.

Superkapasita haiwezi kuweka umeme mwingi kama betri. Betri ni ghala, nayo ni kapu la mkononi. Lakini jina la bodaboda lilitoka kwa baiskeli za kuvusha watu hapa mpakani, na leo ziko bodaboda za umeme. Kapu hilo laweza kudaka nguvu pikipiki inapofunga breki, na kuirudisha inapoondoka.

Wenzangu, anayeuza udongo hulipwa bei ya udongo. Anayejua kuutia matundu atauza elektrodi. Tusiidharau maabara yetu.