KALAMU IPI KATIKA TUNDU LIPI?



Siku moja darasani tulikuwa tunasoma ramani. Mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mistari hii imenyooka mno. Nani mwenye mkono wa namna hii?" Nikamjibu kwamba zamani ramani ilichorwa na mtu kwa rula na wino, na baadaye kompyuta nayo ikapewa kalamu. Darasa zima likacheka. "Ala! Kompyuta ina mkono?" Nikasema, "Ndiyo, inao mmoja. Lakini haina macho."

Somo letu la leo linahusu mkono huo usio na macho.

Mashine yenyewe

Mashine hii huitwa plota. Inaungwa na kompyuta kwa waya, inapokea maagizo, inashika kalamu ya wino na kuchora. Kampuni ya Calcomp ya Marekani ilitoa plota yake namba 565 mwaka 1959. Katika miaka ya 1980 ofisi nyingi za wahandisi na wachoraji ramani huko ng'ambo zilikuwa na plota. Mojawapo ni ile ya Hewlett-Packard iitwayo 7475A.

Hiyo 7475A inakaa juu ya meza. Karatasi huenda mbele na nyuma. Kalamu huenda kushoto na kulia. Mienendo hii miwili ikiungana, hupatikana mstari wa kila aina, hata duara. Pembeni kuna kisahani cha mviringo chenye matundu sita. Kila tundu lina namba yake na hushika kalamu moja.

Plota nayo imefundishwa herufi, kama sisi tulivyofundishwa. Ikisoma SP1, huenda kuchukua kalamu ya tundu la kwanza. Ikisoma PD, hushusha kalamu. Ikisoma PU, huiinua. Ikisoma VS10, huchora kwa mwendo wa sentimita 10 kwa sekunde moja.

Sasa angalia vizuri. SP1 haina maana ya "kalamu nyeusi nyembamba". Maana yake ni "kalamu iliyomo katika tundu la kwanza". Ukiwa umeweka humo kalamu nene nyekundu, plota itachora kwa hiyo hiyo. Haitauliza wala haitashtuka.

Kosa dogo, shamba kubwa

Je, unene wa kalamu una neno gani? Hebu tupige hesabu.

Tuseme ramani ina kipimo cha 1:5,000. Maana yake milimita 1 katika karatasi ni mita 5 katika ardhi. Kalamu ya milimita 0.3 itachora mpaka wenye upana wa mita 1 na nusu. Hiyo ni njia ya miguu tu. Kalamu ya milimita 0.7 itachora mpaka wenye upana wa mita 3 na nusu. Humo safu nzima ya migomba inaingia!

Sasa majirani wawili wanatazama ramani hiyo. Mmoja anasema mpaka ni ukingo wa kushoto wa mstari. Mwenzake anasema ni ukingo wa kulia. Kila mmoja anaona migomba ni yake. Ugomvi umeanza, na chanzo chake ni kalamu iliyowekwa katika tundu lisilo lake.

Mpaka wa kweli ni mawe yaliyopandwa na mpima ardhi, pamoja na vipimo vilivyoandikwa. Mstari wa ramani ni picha yake tu. Lakini picha mbaya huwagombanisha watu.

Namna ya kupanga kalamu

Fundi cherehani hashoni turubai kwa sindano ya kushonea kanga. Kwanza hutazama kitambaa, kisha sindano, kisha uzi. Mwenye plota naye hufuata hatua zake.

1. Andika orodha. Tundu la 1 lina kalamu gani, rangi gani, unene gani. Tundu la 2 vivyo hivyo, mpaka la 6. Bandika orodha karibu na mashine.

2. Iambie programu mstari upi utumie kalamu ipi. Katika programu ya AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, kila rangi ina namba. Nyekundu ni 1, njano ni 2, kijani ni 3. Mchoraji huagiza, kwa mfano, "kila mstari mwekundu uchorwe na kalamu ya 2". Kwa hiyo rangi unayoiona katika kioo cha kompyuta si lazima iwe rangi ya wino. Mstari mwekundu kiooni unaweza kutoka mweusi katika karatasi. Wageni wengi wa kazi hii hujikwaa hapo.

3. Iambie programu unene wa kalamu. Plota ikitaka kujaza rangi mahali, huchora mistari mingi iliyobanana. Ukiiambia kalamu ni nene kuliko ilivyo, mistari itaachana na nafasi nyeupe zitabaki. Ukiiambia ni nyembamba kuliko ilivyo, mistari itapandana, karatasi italowa na hata kuchanika.

4. Chagua mwendo. Kalamu yenye ncha ya nyuzi huweza kwenda mbio katika karatasi ya kawaida. Hiyo 7475A hufika sentimita 38 kwa sekunde. Lakini katika karatasi ya plastiki wino hushika polepole, hivyo punguza mwendo mpaka 10. Kalamu ikikimbia kuliko wino wake, mstari hukatikakatika.

5. Pima mkandamizo, kama mashine yako ina nafasi hiyo. Ukikandamiza mno, ncha inakwisha mapema. Ukikandamiza kidogo mno, mstari unafifia.

6. Jaribu kwanza. Tumia karatasi chakavu. Chora mstari mmoja kwa kila kalamu, kisha linganisha na orodha yako.

7. Kazi ikiisha, funika kalamu. Wino ukikauka katika ncha, kesho mashine itatembea juu ya karatasi bila kuacha alama yoyote, na yenyewe itadhani imechora.

Na siku hizi je?

Tangu miaka ya 1990 plota za kalamu zimeachiwa nafasi ndogo. Ofisi nyingi sasa hutumia mashine zinazorusha matone madogo mno ya wino. Za kalamu bado zipo, hasa kwa wachoraji wa sanaa. Lakini hata mashine mpya haijui unene wa mstari mpaka mtu aiambie. Mkono umebadilika, macho bado ni yetu.

Basi ndugu msomaji, ukionyeshwa ramani, usiseme tu "imetoka katika kompyuta, kwa hiyo ni sawa". Wewe unajua kusoma na kuhesabu. Tafuta kipimo chake. Soma maelezo ya mistari pembeni. Pima unene wa mstari wa mpaka kwa rula, kisha piga hesabu. Ukiona mashaka, muulize mpima ardhi akuonyeshe mawe na vipimo. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini plota haikujua kwamba kalamu imewekwa katika tundu lisilo lake?

2. Ramani ina kipimo cha 1:10,000. Mpaka umechorwa kwa kalamu ya milimita 0.5. Mstari huo umefunika mita ngapi za ardhi?

3. Ni kazi gani nyingine kijijini ambazo mashine hufanya vizuri, lakini mtu asipoipanga sawasawa huleta hasara?

Jibu la swali la 2: mita 5.