Ukilisikia mara tatu, subiri kwanza

Jambo ulilolizoea, akili hulimeza bila kutafuna. Jina linalotajwa redioni kila asubuhi, sabuni ile ile ya siku zote, habari iliyopita kwenye magrupu manne: vyote vinaonekana vya kuaminika kwa sababu haviipi akili kazi. Wafanyabiashara wanalijua hilo. Wanasiasa ndio usiseme.

Anza na WhatsApp. Ujumbe kwamba maji ya limau yanaponya kisukari ukiletwa na shangazi, kisha na grupu la kanisani, kisha na jirani, usihesabu mashahidi watatu. Ni ujumbe mmoja uliozunguka. Jiulize aliyeusema wa kwanza ni nani. Ukikosa jibu, usiusambaze.

Na usijitetee kwamba wewe umesoma. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo sentensi wapime ukweli wake, mara tatu, kila baada ya wiki mbili. Sentensi zilizorudiwa ziliaminika zaidi, za uongo zikiwemo. Kwa hiyo hata unapokanusha uzushi, usianze kwa kuurudia. Tanguliza ukweli: "Shangazi, dawa za kisukari haziachwi bila kumwona daktari."

Dukani, mkono hukimbilia pakiti unayoijua. Uzuie kidogo. Toa simu, gawanya bei kwa gramu. Sabuni ya unga ya gramu 400 kwa shilingi 3,200 ni shilingi 8 kila gramu. Ile usiyoijua, gramu 500 kwa 3,500, ni shilingi 7. Nunua ndogo yake ujaribu. Ikikukera, rudi kwenye yako, hakuna kesi.

Kauli yenye vina nayo ichunge. "Haraka haraka haina baraka" inateleza vizuri masikioni. Sasa ivue vina: "Ukifanya jambo upesi hufanikiwi." Bado unakubali? Kaulimbiu ya mkopo au ya mgombea uifanyie vivyo hivyo. Iseme kwa maneno makavu, ndipo uamue.

Kama una biashara, haya yote ni mtaji wako. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwapa wanafunzi maelekezo ya mazoezi ya viungo. Waliosoma kwa herufi za kawaida walikadiria mazoezi yatachukua dakika 8 hivi. Wenzao walipewa maneno yale yale kwa herufi za madoido, wakasema 15. Mteja naye bango likimsumbua kusoma, ataona na huduma yako ina usumbufu.

Basi achana na herufi za kadi ya harusi. Weka bei. Weka namba ya simu kubwa. Jina la biashara liwe lile lile kwenye bango, mfuko na status, na usilibadilishe kila mwezi kwa sababu wewe umelichoka. Wateja ndiyo kwanza wanalizoea. Kabla hujachapisha, mpe mama asome bila miwani. Akikwama mahali, hapo ndipo pa kurekebisha.