SOMO: KUMWANDAA KIJANA ANAYETAKA KUSOMA NG'AMBO

Somo letu linajibu swali ambalo tunaulizwa mara nyingi baada ya ibada: mtoto wetu amemaliza sekondari, je, anaweza kwenda chuo kikuu ng'ambo? Anaweza. Lakini matayarisho huanza nyumbani, muda mrefu kabla ya tangazo kubandikwa, na msingi wake ni kusema kweli.

Someni Danieli 1:3-8

Danieli alikuwa kijana aliyehamishwa kwa nguvu. Huko Babeli alipangiwa miaka mitatu ya kujifunza lugha na elimu ya Wakaldayo, hata akapewa jina jingine. Masomo aliyapokea. Lakini alikuwa ameazimu moyoni mambo ambayo hatayafanya. Vijana wetu nao waazimu mapema.

1. Tuijue njia yenyewe

Wengi huchanganya misaada miwili. Ufadhili wa DAFI, ulioanza 1992 kwa fedha za Serikali ya Ujerumani na kusimamiwa na UNHCR, humsomesha mkimbizi hasa katika nchi aliyokimbilia. Mpango wa shirika la WUSC, ulioanza 1978, humpeleka Kanada. Umechukua vijana kutoka Dadaab na Kakuma nchini Kenya, na Dzaleka nchini Malawi. Wanafunzi wa vyuo vya Kanada huchanga kidogo kidogo ili kumtunza mwenzao katika mwaka wa kwanza, naye huingia akiwa mkazi wa kudumu.

Nafasi ni chache. Masharti someni kwenye tangazo lenyewe, msitegemee maneno ya sokoni. Huduma za UNHCR ni bure. Anayewadai pesa ili "asukume faili" ni mwizi.

2. Karatasi

Linganisheni jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti cha shule na kwenye karatasi za ukimbizi. Shuleni mtoto ni Bahati Jean, kwenye karatasi ya familia ni Jean Baati: ombi litakwama hapo. Pelekeni marekebisho ofisini mapema, mkiwa na ushahidi. Cheti cha Kifaransa kitafsiriwe na mtafsiri anayetambuliwa.

Hapa ndipo majaribu yalipo. Mmoja hupunguza umri. Mwingine hutumia cheti cha ndugu yake. Mwingine huficha mke au mtoto ili aonekane hana familia. Wapendwa, kwa sheria ya Kanada, mke au mtoto ambaye hakutajwa wakati wa maombi kwa kawaida hawezi kudhaminiwa baadaye kumfuata. Wazazi wanaosema, "Mfiche tu, utamwita ukifika," wanaweza kumtenga mjukuu wao na baba yake kwa miaka mingi. Ni heri kuikosa nafasi kuliko kuinunua kwa mtoto.

3. Lugha na maisha

Chuo huweza kudai mtihani wa Kiingereza kama TOEFL au IELTS. Kijana asome kwa sauti, asikilize redio, aandike ukurasa mmoja kila siku. Ajifunze kuchapa kwenye kompyuta. Ajizoeze kuandika kwa maneno yake mwenyewe, maana kunakili kazi ya mtu kunaweza kumfukuzisha chuo.

Ajue pia kupika, kufua na kupanga pesa za mwezi. Mama, mfundishe na mvulana. Katika miji kama Winnipeg na Saskatoon baridi hushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na jioni hizo hakuna jirani atakayegonga mlango na sahani ya ugali.

4. Mzigo wa familia

Ketini pamoja kabla ya safari. Anayekwenda ni mwanafunzi mmoja, na faili la familia linabaki hapa. Pesa za mwaka wa kwanza ni za chakula, malazi na vitabu. Akipigiwa simu kila juma na wajomba, shangazi na majirani wakiomba, atafanya kazi usiku na kusinzia darasani, mwishowe atafeli. Kubalianeni: mwaka wa kwanza tutamwombea na kumsikiliza, hatutamdai.

Na asiyechaguliwa asidharauliwe. Kiingereza alichojifunza, karatasi alizonyoosha na ukweli aliousema vitamfaa hata akisoma au kufanya kazi hapa hapa.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Je, majina yetu sote yanafanana katika karatasi zote? Nani atafuatilia?
2. Ni jambo gani tumeazimu kutolifanya, hata kama nafasi itapotea?
3. Kijana wetu akiondoka, tutamtegemea kwa nini, na kuanzia lini?

Neema na iwe nanyi.