Sauti Kabla ya Jina la Herufi: Kusoma na Kuandika katika Madarasa ya Chini

Ufundishaji wa kusoma Kiswahili katika madarasa ya chini nchini Kenya hukwama pale mwalimu anapoanza na majina ya herufi, tena ya Kiingereza. Mtoto aliyezoeshwa kuiita a "ei" atawezaje kuunganisha b na a akapata ba? Kiswahili kina irabu 5 tu, kila moja na sauti yake. Silabi ba, be, bi, bo, bu zikishamkaa mtoto, baba na bibi humjia zenyewe.

Kuandika ndiko kugumu zaidi. Mtoto ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikuyu huenda akaandika "ndawa" badala ya dawa. Wa Kijaluo, "sule" badala ya shule. Huandika atamkavyo. Huo si uzembe, ingawa kalamu nyekundu huuhukumu hivyo. Kosa la namna hii hurekebishwa kinywani kwanza: mwalimu atamke dawa na ndama, wanafunzi wabainishe sauti, ndipo imla ifuate. Aandikaye "ngombe" bila ritifaa, ilhali hutamka ng'ombe sawasawa, ana tatizo jingine: amekosa alama, na zoezi la matamshi halitamfaa.