Chatu Mdogo Kifungoni: Kwa Nini Alitapika?

Mwezi wa Julai, katika safari ya kikazi mkoani Kigoma, nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa biolojia wa shule moja ya sekondari iliyoko Ujiji. Baada ya mazungumzo walinipeleka kwenye kona ya maabara, wakanionyesha sanduku la mbao lililofunikwa kwa wavu wa waya. Ndani yake alikuwamo chatu mchanga, urefu wake yapata sentimita 60, ambaye wavulana wawili walikuwa wamemwokota karibu na kijito nje ya mji. Alikuwa amejikunja pembeni mwa sanduku, hana pa kujificha.

"Mwalimu," mwanafunzi mmoja aliniuliza, "siku ya pili alimeza panya mzima bila taabu. Siku ya nne amemtapika, na panya mwenyewe ananuka vibaya. Je, panya huyo alikuwa na sumu?"

Panya hakuwa na sumu. Tulilaza kipimajoto juu ya sakafu ya sanduku, tukakiacha hapo, na mwalimu wao akakisoma alfajiri ya siku iliyofuata. Kilionyesha nyuzi 19 za sentigredi. Hilo ndilo lililokuwa jibu la swali la mwanafunzi, na makala hii ni maelezo ya jibu hilo. Tutaeleza pia namna wafugaji wanavyomtunza chatu mdogo aliyezoea kukaa na watu, na kwa nini yule wa Ujiji hakustahili kukaa sandukuni.

1. "Damu baridi" ni jina lenye kupotosha

Katika vitabu vya zamani reptilia huitwa wanyama wa damu baridi. Jina hili lafaa litumiwe kwa hadhari. Mjusi aliyeota jua juu ya jiwe huweza kuwa na damu yenye joto kama letu, na pengine kutuzidi. Tofauti iliyopo ni mahali joto linakotoka. Sisi na ndege hulizalisha joto mwilini kwa kuunguza chakula, usiku na mchana, hata tukiwa tumelala. Chatu huliazima joto kutoka nje: kutoka kwenye jua, jiwe, udongo, au shimo alimolala.

Maisha ya namna hiyo yana faida yake. Mnyama asiyeunguza chakula ili kujipasha moto huhitaji chakula kidogo sana, na ndiyo maana chatu mzima aweza kukaa miezi kadhaa bila kula na asife. Lakini faida hiyo ina gharama. Mnyama huyu hana budi kuwa na uhuru wa kuhama. Akiona baridi huenda kwenye joto. Akizidiwa na joto hurudi kivulini. Miguu hana, lakini mwendo wake ndio kidhibiti joto chake. Mtu anapomfungia ndani ya sanduku lenye joto la aina moja tu, amemnyang'anya kidhibiti hicho.

Chatu jike hutupa mfano mzuri wa jambo hili. Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliwachunguza chatu wakubwa wa Afrika ya Kusini wakiwa porini, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018. Aligundua kwamba jike anayelalia mayai hutoka shimoni kuota jua mpaka mwili wake unapopata joto la karibu nyuzi 40, kisha hurudi na kuyazingira mayai kwa mwili huo wenye moto. Hata baada ya mayai kuanguliwa, watoto hubaki naye shimoni yapata wiki mbili, wakilala usiku ndani ya mikunjo ya mwili wake. Tukilinganisha mikunjo hiyo na sakafu ya saruji yenye nyuzi 19, tutaelewa yule mchanga wa Ujiji alipoteza nini alipookotwa.

2. Mlo wa chatu ni kazi kubwa

Chatu humeza mnyama mzima, pamoja na mifupa na manyoya yake. Baina ya mlo na mlo, matumbo yake husinyaa na kupumzika. Mlo unapoingia, mwili wote huanza kazi upya. Uchunguzi uliofanywa Marekani juu ya chatu wa Burma umeonyesha kwamba, baada ya mlo mkubwa, kasi ya kemikali za mwili huweza kupanda zaidi ya mara 40 kuliko wakati wa kupumzika. Moyo wenyewe huongezeka uzito kwa asilimia 40 hivi katika muda wa siku mbili tu, kisha hurudi kama ulivyokuwa kazi inapokwisha.

Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, na kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anafahamu kwamba vimeng'enya hulegea katika baridi. Hapa pana mashindano ya mbio. Kwa upande mmoja, vimeng'enya vya chatu vinajitahidi kumyeyusha panya. Kwa upande mwingine, bakteria waliomo tumboni mwa panya huyo wanaanza kumwozesha. Katika joto la nyuzi 30 vimeng'enya hushinda. Katika baridi ya usiku wa kiangazi, vimeng'enya huchelewa, panya huanza kuoza, nyama huvimba kwa hewa, na chatu hujiokoa kwa kutapika. Kutapika si jambo dogo kwake, kwani hupoteza maji na tindikali ya tumbo, na umio huchubuka. Mchanga aliyetapika mara mbili au tatu mfululizo huweza kufa.

Kanuni ya kwanza ya utunzaji ni hii basi: joto kwanza, chakula baadaye.

3. Chatu mpira na nyumba yake

Chatu anayefugwa na watu wengi zaidi duniani ni mdogo wa umbo. Jina lake la kisayansi ni Python regius, na kwa Kiingereza huitwa chatu mpira, kwa kuwa akiogopa hujiviringa na kuficha kichwa katikati. Hapatikani Tanzania, makao yake ni nyika na mapori ya wazi kuanzia Senegal hadi Uganda na Sudan Kusini. Mchana hulala katika mashimo ya panya na vichuguu, na usiku hutoka kuwinda. Mtu mzima wa aina hii huwa na urefu wa mita 1 hadi 1.5. Nchi za Ghana, Togo na Benin zimewauza wengi sana ng'ambo.

Anayemfuga kihalali hana budi kutayarisha nyumba kabla mnyama hajafika. Mambo ya lazima ni haya:

(a) Joto la ngazi mbili. Upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 31 hadi 33, na upande wa pili nyuzi 25 hadi 27. Chombo cha kupasha joto sharti kiwe na kidhibiti, na vipimajoto viwe viwili, kimoja kila upande. Mkono wa mtu si kipimajoto.

(b) Maficho mawili. Moja liwe upande wa joto na jingine upande wa ubaridi, yote yakiwa madogo kiasi cha kumgusa mwili. Likiwapo moja tu, chatu atalazimika kuchagua baina ya usalama na joto, na mara nyingi atachagua usalama, hata kama anaumia kwa baridi.

(c) Maji na unyevu. Bakuli la maji safi lisikose. Hewa iwe na unyevu wa asilimia 60 hivi, na izidi kidogo anapokaribia kujivua gamba. Macho yakigeuka kuwa ya ukungu wa buluu, gamba li karibu kutoka. Wakati huo asishikwe. Hewa ikiwa kavu mno gamba hutoka vipandevipande, na vipande vinavyobaki huweza kumkaba ncha ya mkia.

(d) Kifuniko chenye kufungwa barabara. Chatu husukuma kwa pua usiku kucha, na uwazi mdogo humtosha.

4. Wiki ya kwanza: subira

Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng'ambo, mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa akirejea kwao aliniachia chatu mpira. Ilikuwa majira ya baridi. Siku ya kwanza nilimtoa mara tatu kuwaonyesha rafiki zangu, na jioni nikamwekea panya. Hakula. Kesho yake nikajaribu tena, na kesho kutwa tena. Hakula kwa wiki sita. Mzee mmoja aliyetunza wanyama wa maabara aliniambia maneno machache: "Mfunike, umwache." Nilitii. Siku ya tisa alikula.

Kosa langu hufanywa na wengi. Chatu aliyehamishwa haijui harufu ya mahali, na kila kivuli juu yake kwake ni tai. Kwa siku 5 hadi 7 za mwanzo asishikwe wala asipewe chakula. Abadilishiwe maji tu, kwa utulivu. Ndipo apewe panya aliyekwisha kuuawa, ambaye unene wake hauzidi sehemu nene ya mwili wa chatu. Panya hai huweza kumng'ata chatu na kumjeruhi vibaya. Panya apashwe moto kidogo, kwani kwenye midomo ya chatu mpira mna vishimo vinavyohisi joto la mawindo gizani. Baada ya kula aachwe siku mbili kamili bila kuguswa. Mdogo hula mara moja kwa wiki. Mkubwa hutosheka kwa mlo mmoja kila baada ya wiki mbili hadi nne.

Akikataa chakula, mfugaji asifadhaike. Apime joto, akague maficho, na ampime uzito kila wiki, akiandika katika daftari. Chatu mwenye afya anayegoma bila kupungua uzito anangoja tu. Anayekonda, anayepumua kwa mdomo wazi au anayetoa ute puani, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Na kila anayemshika anawe mikono kwa sabuni, kwa maana reptilia huchukua bakteria wa salmonella bila wao wenyewe kuugua.

Kuna jambo la mwisho la kufikiriwa kabla ya kuanza. Mwaka 2020 chatu mpira jike wa Bustani ya Wanyama ya Saint Louis, Marekani, alitaga mayai 7. Alikuwa ameletwa pale mwaka 1961, na umri wake ulikadiriwa kuwa zaidi ya miaka 60. Wengi hawafiki huko, lakini miaka 20 au 30 ni kawaida. Kijana wa kidato cha pili anayemchukua mnyama huyu leo huenda akawa naye mpaka atakapokuwa na watoto shuleni.

5. Yule wa Ujiji

Chatu wa kijitoni hakuwa chatu mpira. Alikuwa mtoto wa chatu mkubwa wa Afrika, ambaye huweza kupita mita 4 na kumeza swala. Hakuna sanduku la maabara litakalomtosha. Tena Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata mnyama wa pori bila kibali, na mkataba wa kimataifa wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, unasimamia biashara ya chatu wa aina zote.

Lipo pia suala la uhai wa wanafunzi wenyewe. Mtoto wa chatu na kifutu, ambaye pengine huitwa bafe au moma, hufanana kwa madoa machoni pa asiyezoea, na kifutu ana sumu kali. Katika mawe ya ufuko wa Ziwa Tanganyika huishi swila wa majini, mvuvi hodari wa samaki, ambaye si mchokozi lakini sumu yake ni ya hatari. Wavulana wale walibahatika; wangeweza kuokota mwingine. Nyoka aliyeonekana asiguswe, na habari zake zipelekwe kwa afisa wa wanyamapori.

Ndivyo tulivyofanya. Afisa alikuja, akamchukua chatu mpaka palepale kijitoni, na jua lilipokuwa limeupasha moto udongo, akamwachia. Aliingia chini ya mizizi, hatukumwona tena.

6. Jaribio la sanduku tupu

Sanduku lilibaki maabarani, nalo lina somo. Weka balbu ya umeme juu ya upande mmoja tu. Pasipo umeme, tumia mawe yaliyopashwa moto juani. Jaza maji chupa mbili za nusu lita, zenye joto sawa, ziwe badala ya chatu wawili. Weka moja upande wa joto na nyingine upande wa ubaridi. Soma joto la maji kila baada ya dakika 10 kwa muda wa saa mbili, kisha chora grafu. Rudia kwa chupa ndogo zaidi, uone jinsi umbo dogo linavyopata na kupoteza joto upesi.

Shule zilizo karibu na ziwa zaweza kuendelea hadi ufukoni. Funga kipimajoto kwenye fimbo ndefu, upime joto la jiwe lililo juani, la kivuli chake, na la maji ya kando, kila saa kuanzia asubuhi hadi machweo. Mkono usiingizwe chini ya mawe.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini chatu huweza kufunga miezi kadhaa, ilhali panya hufa kwa siku chache tu?
2. Kwa kutumia grafu zako, eleza kwa nini mtoto wa chatu huathiriwa na baridi ya usiku upesi kuliko mama yake.
3. Mfugaji ana sanduku lenye nyuzi 32 kila mahali. Chatu wake ana joto la kutosha, lakini hana raha. Amekosa nini?