Chai ya Asubuhi Safarini: Je, Uweke Nafasi ya Meza?

Anayelala Lalago, mkoani Simiyu nchini Tanzania, hana haja ya kuwekewa meza ya kifungua kinywa. Benchi la mgahawani ni la atakayewahi. Cha kuwekewa ni chakula chenyewe, na hilo hupangwa jioni, kabla hujaenda kulala.

Unapopokea ufunguo wa chumba, muulize mhudumu kama bei ina chai ndani yake. Akisema ndiyo, usiishie hapo. Chai hiyo ni ya mtu mmoja au ya wawili mliomo chumbani? Inakuja na nini: andazi, chapati, yai? Inapikwa hapo hapo au inafuatwa mgahawa wa jirani? Gesti isiyo na jiko inategemea mtu wa nje, na mtu huyo asipoambiwa usiku, asubuhi utamngoja huku gari linapiga honi.

Supu ndiyo hasa ya kuwahi. Sufuria ya makongoro hubandikwa mapema na ikiisha imeisha. Hakuna ya pili mpaka kesho. Siku ya mnada walaji huwa wengi zaidi. Pita jioni kwa mama anayeipika, salimia, kisha sema: “Mama, kesho naomba uniwekee bakuli moja na chapati mbili, nitapita saa kumi na mbili na nusu.” Kama hakujui, lipa kabisa. Akikujibu, “Haya mwanangu, ila usichelewe,” umeshapata nafasi. Ukikuta michembe au matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), nunua ya kutafuna njiani. Mimi ningeyachagua kuliko mkate wa juzi.

Wanaokwenda Serengeti wana hesabu nyingine. Kutoka Lalago unapitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi, karibu na lango la Ndabaka. Maswa hadi Bariadi ni kama kilomita 50, na Bariadi hadi Lamadi kama 70, hivyo safari nzima inazidi 120. Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi, kwa hiyo kila saa unayokaa ukingoja mayai yakaangwe inatoka kwenye muda wako wa kuona wanyama. Ni afadhali ulale Bariadi au Lamadi, uombe jioni ufungiwe chakula kwenye boksi: mayai ya kuchemsha, ndizi, kipande cha kuku, maji. Kifungwe kwa karatasi au chombo, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Hifadhini kula sehemu zilizoruhusiwa tu, na boksi lisiachwe wazi: nyani hawaombi.

Kwenye hoteli kubwa za kitalii, za Serengeti au za pwani ya Zanzibar kama Nungwi na Paje, kifungua kinywa kwa kawaida ni bufee na mara nyingi kimo ndani ya bei ya chumba. Kuweka meza huko ni kujisumbua. Kama hupendi foleni ya mayai, shuka mlango unapofunguliwa tu, au ngoja wenye safari za mapema waondoke. Wa kupiga simu kabla ni kundi la watu wengi wanaotaka kukaa pamoja, mwenye mzee asiyeweza kusimama sana, na mwenye mwiko wa chakula fulani. Meza za kugombewa ni za mchana na jioni, mfano mgahawa wa The Rock kule Michamvi Pingwe, uliojengwa juu ya jiwe baharini. Huko bila nafasi unaweza kurudi na njaa.

Kwa Simiyu, mambo hubadilika siku za mikusanyiko mikubwa. Maonyesho ya Nanenane ya kitaifa yalipofanyika Nyakabindi, Bariadi, kuanzia 2018 hadi 2020, wageni walitoka kila pembe ya nchi. Siku za namna hiyo weka chumba kwanza, na katika simu hiyo hiyo malizia habari ya chai.

Mipango ikibadilika, ukaamua kuondoka usiku au kulala zaidi, mpigie mama wa supu simu mapema. Bakuli alilokuwekea angeweza kumuuzia mwingine.