Dondoo muhimu: Pishi jipya Jumanne usiku

Umerudi kazini saa moja usiku, watoto wanauliza chakula. Huu si wakati wa kujifunza biriani. Badilisha kitu kimoja tu: wali au ugali ubaki uleule, kitoweo ndicho kiwe kigeni.

• Soma maelekezo yote kabla ya kuwasha jiko. Mengi huficha "loweka usiku kucha" katikati. Maharage na mbaazi kavu hutaka kulowekwa. Choroko hazina haja, huiva kwa dakika 30 hadi 40 hivi.

• Jumapili, saga kitunguu saumu na tangawizi za wiki nzima, ugandishe kwenye friza.

• Kwa kuanzia, jaribu mchuzi wa mayai wa nazi. Chemsha mayai dakika 10. Huku nyuma kaanga kitunguu, nyanya, bizari na ile saumu yako ya Jumapili. Nyanya zikishalainika, mimina tui jepesi lichemke, kisha tumbukiza mayai yaliyomenywa. Tui zito ni la mwisho, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, maana likitokota kwa nguvu hukatika. Ndimu ukishaepua. Tui la kopo linafaa kabisa (bibi akiuliza, nyamaza).

• Pishi likiharibika, chai na mkate. Hakuna aliyekufa.

• Likipendwa, andika vipimo usiku uleule. Kufika Ijumaa utakuwa umesahau ulitia bizari kiasi gani.